Barua kwa mwanangu: lile neno viwavi

Mwanza, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Sura zote kumi na nne za riwaya yako ulizoniachia nimezimaliza, na nimezirudia. Himaya yako imesimama. Ule ukumbi wa mihuri, makarani wakinakili tangazo moja usiku kucha ili lisomwe mikoa yote siku moja, umenifurahisha sana. Lakini Alhamisi unapanda basi kwenda Dar kuwapelekea watu waigeuze mchezo wa redio, nami silali kwa sababu ya neno moja: viwavi.

Sura ya tatu, mpiga mbiu wa Mfalme anawaita watu wa mabondeni viwavi. Sawa, ndiyo kazi anayolipwa. Sura ya tisa anayewaita hivyo ni wewe, msimulizi. Hakuna mhusika aliyefungua kinywa pale. Ulikusudia, au kalamu iliteleza?

Ziwa letu linapokea maji ya mto Kagera yanayotoka Rwanda, kwa hiyo jambo hili haliko mbali. Redio iliyoitwa RTLM ilianza kurusha matangazo huko Julai 1993, na haikuanza kwa kuamuru watu wauawe. Ilianza na muziki mtamu, utani, wasikilizaji kupiga simu, watangazaji wanaoongea kama vijana wa kijiweni, wakati redio ya serikali imekakamaa na hotuba. Watu wakaipenda kwanza. Neno inyenzi, yaani mende, walilowaitia Watutsi, likapenyezwa kati ya wimbo na wimbo mpaka likazoeleka masikioni. Aprili 1994 mauaji yalipoanza, redio ile ile ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo, na kuua kukaitwa kazi. Miili ikashuka na mto hadi ziwani. Mmoja wa waliotiwa hatiani na mahakama ya kimataifa Arusha mwaka 2003 kwa ajili ya redio hiyo ni Ferdinand Nahimana, aliyekuwa profesa wa historia. Msomi, mwanangu. Mtu wa kalamu kama wewe.

Angalia basi mpangilio: kwanza kupendwa, halafu jina, halafu kazi. Mfalme wako anachinja tangu sura ya pili, na raia wanashangilia papo hapo kana kwamba hawana akili. Hapo umefanya haraka, na haraka hiyo ni yako tangu utoto. Mpe mpiga mbiu ngoma na vichekesho kwa sura tatu nzima. Kisha mweke mama mmoja mpole, anapima chumvi sokoni, alitamke lile jina bila hasira yoyote, kama anayetaja aina ya samaki. Msomaji atashtuka zaidi kuliko kwenye panga. Kiwavi hana mama wala hana deni la mtu. Anapuliziwa dawa, mkulima anarudi nyumbani kula.

Yale masanduku ya sauti nayo usiyaweke kwa matajiri peke yao. Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 walitoa redio ya wananchi kwa Reichsmark 76, na mwaka 1938 ikaja ndogo ya 35. Bei ilishushwa makusudi ili iingie kila nyumba, na uwezo wake wa kunasa vituo vya mbali ulikuwa mdogo. Septemba 1939 kusikiliza vituo vya nje kukawa kosa la jinai. Mfalme wako afanye hivyo hivyo: ayauze kwa bei ya kutupa, na yasifike ng'ambo ya mlima.

Pale anapodanganya bei ya nafaka, futa. Raia atadanganywa kuhusu mpakani asikokujua, ila bei ya unga anaijua yeye kuliko mfalme. Hata pale Mwaloni, nani atakuambia dagaa wameshuka bei na wewe umeshika ndoo? Na ukifuta jina la mtu kwenye jiwe, acha kovu lionekane. Geta alipouawa Roma mwaka 211, kaka yake Caracalla, aliyekuwa akitawala naye, aliagiza jina lake litolewe kila mahali, na mashimo ya patasi yanaonekana hadi leo.

Sikuulizi ulikolitoa lile neno. Hapa nyumbani nasi tulikuwa na namna yetu ya kuwataja wale waliojenga juu kwenye mawe, meza nzima inacheka, na aliyeanza hakuwa mtoto.

Sura ya tisa irekebishe kabla ya Alhamisi. Redioni hakuna alama za kunukuu. Sauti ya msimulizi ndiyo inayoaminiwa, na watoto wataliokota neno hilo wakacheze nalo.

Simtanki limepata ufa upande wa jikoni, fundi anataka elfu arobaini, nimemwambia asubiri. Ada ya mdogo wako baba yako amemalizia. Dagaa wako nimewaanika siku mbili, wamekauka vizuri, ila usiwafunge kwenye mfuko wa nailoni, watatoa jasho njiani na kuoza. Waweke kwenye kile kikapu cha mjomba, na umrudishie kikapu chake safari hii.

Mama yako