Utosi wako, shoga yangu

Mpendwa Salma,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema unafagia nywele zako alfajiri kabla wenzako hawajaamka, niliiweka chini kwanza. Pole sana, shoga yangu.

Hebu okota unywele mmoja uliodondoka, uutazame mwangani. Ukiona nchani kijidonge cheupe, huo umenyonyoka kutoka kwenye mzizi. Usipokiona, umekatika njiani, na mara nyingi chanzo ni dawa ya kulainishia, moto au chanuo. Wengi tunayachanganya haya mawili, tukatibu siyo. Na usihesabu kila unywele: kichwa chenye afya hupoteza kama 50 hadi 100 kwa siku.

Una miezi minne tangu ujifungue, kwa hiyo huu mmwagiko haunishangazi. Wakati wa ujauzito nywele nyingi huchelewa kudondoka; ukishajifungua zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi miwili mitatu baadaye zinatoka kwa mkupuo. Homa kali, upasuaji au kukonda ghafla hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida hurudi zenyewe, ingawa huchukua miezi sita hadi mwaka. Hata hivyo omba upimwe damu, maana upungufu wa madini ya chuma na hitilafu za tezi ya shingo nazo hunyonyoa nywele, na mzazi anaweza kuwa nazo asijue.

Kilichoninyima usingizi ni ile sentensi moja uliyoiandika kwa kupita: kwamba utosini panawasha, na pakiguswa panauma. Salma, hapo usipafunike kwa wigi. Mimi nilifunika. Kila nikisuka, vipele vidogo vyeupe vilitokeza pembeni mwa paji, nami nikimeza vidonge vya maumivu ili nilale, nikiamini kusuka ni lazima kuume. Nilipofika kwa daktari wa ngozi, juu ya masikio ngozi ilikuwa laini, inang'aa, vitundu vya nywele havionekani tena. Aliniambia kovu likishaziba kitundu, hakuna mafuta yatakayokifungua. Pale palipokuwa bado na vinywele vyembamba paliota nilipoacha kusuka kwa kubana. Pale pa kung'aa mpaka leo ni vile vile.

Yako ya utosini huenda ni nyingine kabisa. Upo ugonjwa unaoanzia katikati ya kichwa na kutanuka pole pole kwenda nje, huwapata zaidi wanawake weusi, nao huacha kovu. Daktari akitaka kukata kipande kidogo cha ngozi akipime, usiogope, wanatia ganzi. Nenda sasa hivi, usingoje mtoto akue.

Kuhusu mba, acha kuupaka mafuta. Fangasi wake hustawi kwenye mafuta. Shampuu ya ketokonazo, dawa ya kuua fangasi, inasaidia, ila iache kichwani dakika tano ndipo usuuze. Ile minoksidili, dawa ya kuotesha nywele uliyoshauriwa, usiiguse kabla ya kumuuliza daktari, kwa kuwa unanyonyesha.

Leo, kabla hujafanya lolote, piga picha ya utosi penye mwanga wa dirisha. Nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi, macho peke yake hayatakuambia kama unapona. Nitumie na mimi.

Ukipangiwa siku ya daktari niambie mapema, nije nikae na mtoto.

Wako,
Rehema