Mwacheni kwanza mtoto wa miaka 13 arefuke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Kwa miaka mingi nimesoma kurasa zako za michezo bila kuandika neno, lakini ile habari ya wiki mbili zilizopita, ya mtoto wa miaka 13 wa hapa Arusha mliyempa kichwa cha habari cha "Samatta mpya", nimeshindwa kuinyamazia. Mlitaja urefu wake kama sifa, mkataja mabao yake, mkaweka na picha akiwa amewazidi kichwa kizima mabeki waliomzunguka. Habari yote ilikuwa kwenye picha ile, na inaonekana hakuna mezani kwenu aliyeisoma.

Wavulana hawarefuki kwa pamoja. Wengi hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka 14 hivi, lakini yupo anayekifikia na 12 na yupo anayesubiri hadi 16, na wote ni wazima wa afya. Kabla ya hapo mtoto huongeza kama sentimita 5 kwa mwaka. Akiwa kileleni anaongeza 9 au 10, kisha misuli nayo inafuata. Ndiyo maana watoto wawili wenye vyeti vya kuzaliwa vya mwaka uleule mnaweza kumkuta mmoja ana mwili wa miaka 15 na mwenzake wa miaka 11. Wapambanisheni: wa kwanza atashinda mbio, atashinda mpira wa juu, atashinda bega kwa bega, na atafunga. Anafunga kwa sababu ametangulia kukua. Baada ya miaka minne wenzake wamemfikia, na kama muda wote huo alikuwa akipita kwa nguvu, hakuwahi kulazimika kujifunza kupokea mpira huku amebanwa mgongoni. Hapo ndipo tunaanza kusema dogo amelewa sifa, wakati sifa zenyewe tulimnywesha sisi.

Halafu kuna mwezi wa kuzaliwa. Mashindano ya vijana huhesabu umri kuanzia Januari 1, kwa hiyo aliyezaliwa Januari 3 na aliyezaliwa Desemba 28 wanaandikwa rika moja ingawa wamepishana karibu miezi 12. Mtafiti Roger Barnsley na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1985 kwa wachezaji wa hoki ya barafu wa Kanada, na baadaye likaonekana kwenye soka nchi baada ya nchi. Kocha yeyote anaweza kujikagua jioni moja: chukua orodha ya kituo chako cha soka la vijana, hesabu waliozaliwa Januari hadi Machi. Hiyo ni robo ya mwaka, nao wawe kama robo ya watoto wako. Wakikaribia nusu, jua kalenda ndiyo iliyokuchagulia timu. Na Samatta mwenyewe, ambaye mmelichukua jina lake, alizaliwa Desemba 1992. Alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akafika Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa akiwa na miaka 27, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Njia yake ilikuwa ndefu, na kwa tarehe yake ya kuzaliwa angeweza kuachwa kwenye majaribio mengi tunayoyafanya sisi.

Nasema hivyo kwa sababu majaribio ya aina hiyo nimeyaona likizo ya Juni, kwenye kiwanja kimoja cha vumbi upande wa Ngarenaro. Watoto walikuwa zaidi ya mia, namba zimeandikwa mkononi kwa kalamu ya wino mzito, kila mmoja amelipa shilingi 10,000 ya fomu. Walianza na mbio za mita 30, wakafuata danadana, kisha mechi ya kumi na mmoja kwa kumi na mmoja ya dakika 15 kwenye kiwanja kizima cha wakubwa. Namba 64 alikuwa mfupi, viatu vimemzidi, soksi zimefungwa na mpira wa baiskeli. Kwa dakika zote 15 aligusa mpira mara nne. Mara zote nne, kabla mpira haujamfikia, aligeuza shingo akatazama begani, kushoto kisha kulia, na akautoa kwa mguso mmoja kwenye mguu ambao mwenzake aliutaka. Mara ya tatu alimwona winga aliyekuwa hajaonwa na mtu mwingine uwanjani, akampenyezea kati ya mabeki wawili. Aliyeshika karatasi alikuwa akiongea na simu. Baadaye yakasomwa majina ya waliopita: karibu wote ni warefu, wawili wana ndevu changa. Namba 64 aliambiwa arudi "akishakula ugali wa kutosha". Mtoto wa miaka 13 anaambiwa hivyo mbele ya wenzake mia, anachukua mfuko wake wa rambo anaondoka kwa miguu, na nina hakika wengi wa aina yake hawarudi tena. Katika mambo yote yanayonikera kwenye soka la vijana, hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu aliyeachwa haandikwi popote, kwa hiyo hakuna anayeweza hata kujua kosa limetokea. Mshambuliaji Mwingereza Jamie Vardy tunamjua kwa sababu alirudi: Sheffield Wednesday walimwacha akiwa na miaka 16 kwa udogo wa mwili, akacheza madaraja ya chini na Stocksbridge Park Steels, kisha mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza na Leicester City. Kinyume chake yupo Freddy Adu wa Marekani, aliyesaini D.C. United akiwa na miaka 14, akalinganishwa na Pelé, akapita Benfica na Monaco, akamalizia madaraja ya chini. Wote wawili walitazamwa na watu wenye fedha na utaalamu kutuzidi.

Mnaotaka kuona kipaji, punguzeni kiwanja. Wanne kwa wanne, mita 30 kwa 20, magoli madogo, dakika nne, pumziko dakika mbili, rudieni mara sita huku mkibadilisha timu kila mara. Hapo kila mtoto anagusa mpira mara nyingi na hana pa kujificha. Hesabuni mara anazotazama begani kabla ya kupokea, mguso wa kwanza unaelekea wapi, na anafanya nini sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Danadana ziacheni. Kisha waiteni tena siku nyingine, angalau mara tatu, maana mtoto aliyelala njaa au aliyetembea kutoka Kisongo hawezi kuonyesha kitu siku hiyo.

Na pimeni. Vifaa ni tepu ya fundi iliyobandikwa ukutani, stuli moja, mizani na kaunta buku. Mtoto avue viatu, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, atazame mbele, kitabu kigumu kilalie kichwani kikitengeneza pembe mraba na ukuta. Pimeni asubuhi, kwa sababu kufikia jioni mtu hupungua karibu sentimita moja. Pimeni mara mbili na mkipishana zaidi ya nusu sentimita rudieni. Kisha akae kwenye stuli, pimeni tena hadi utosini na mtoe urefu wa stuli. Mkitoa kimo hicho cha kukaa kwenye urefu wake wote mnapata urefu wa miguu. Rudieni kila baada ya miezi mitatu, si kila wiki, kwa kuwa ndani ya wiki kosa la mkono ni kubwa kuliko alichoongeza mtoto. Akiongeza sentimita 1.2 kwa miezi mitatu yuko kwenye mwendo wa kawaida. Akivuka 2 ameingia kwenye kurefuka kwa kasi, na hapo kocha abadilike.

Abadilike kwa sababu miguu hurefuka kabla ya kiwiliwili. Winga aliyekuwa akipita watu watatu Machi, Agosti anajikwaa kwenye mpira. Hajaacha mazoezi wala hajaanza sigara. Ubongo wake bado unatumia miguu ya Machi. Ndicho kipindi ambacho vituo vyetu humpeleka benchi, kisha nyumbani. Ndicho kipindi pia ambacho mifupa inatangulia misuli na kano zinavuta pale panapokulia mfupa: atalalamika maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, kwenye kile kinundu, au nyuma ya kisigino. Madaktari huyaita Osgood-Schlatter kwa goti na Sever kwa kisigino. Dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka na mbio za kasi kwa wiki kadhaa na kuacha kumchezesha mechi tatu ndani ya siku tatu. Kumpaka dawa ya kuchua na kumrudisha uwanjani kunarefusha tatizo. Kwenye mashindano ya likizo, viwanja vigumu kama saruji, hili linafanyika kila siku.

Kwa walio tayari kwenda mbele zaidi, ipo hesabu ya watafiti Khamis na Roche ya mwaka 1994 inayokadiria urefu wa utu uzima kwa umri, urefu na uzito wa mtoto pamoja na urefu wa wazazi wote wawili. Imetokana na watoto weupe wa Ohio, Marekani, kwa hiyo hapa itumike kupanga makundi ya mazoezi tu, isitumike kumwacha mtoto. Uingereza, vituo vya klabu za Ligi Kuu vimejaribu mashindano ambayo watoto hupangwa kwa hesabu ya namna hiyo, waliofikia asilimia 85 hadi 90 ya urefu wa utu uzima wakicheza pamoja bila kujali mwaka wa cheti. Waliotangulia kukua walijikuta wanalazimika kutumia akili, na waliochelewa wakapata nafasi ya kuongoza. Mechi moja ya hivyo kwa mwezi inatosha, na haigharimu shilingi.

Najua mtanijibu kuhusu vijeba, yaani wakubwa wanaodanganya umri ili wacheze na watoto. Ni kweli, cheti kilichokatwa mtoto akiwa darasa la saba hakiaminiki sana. Kipimo cha MRI (picha ya ndani ya mwili) cha kifundo cha mkono, ambacho FIFA hukitumia kwenye mashindano ya U-17, yaani ya walio chini ya miaka 17, tangu mwaka 2009, kinaweza kumkamata aliyekwishavuka 17 kwa sababu sehemu ya mfupa inayokua imeshafunga. Hakiwezi kukwambia huyu ana 13 au 14. Daftari la vipimo linasaidia zaidi: "mtoto wa miaka 13" ambaye hajaongeza hata sentimita moja mwaka mzima ameshajieleza mwenyewe.

Nikiwa hapo hapo niseme na habari ya mawakala, kwa kuwa kichwa chenu cha habari ndicho kinachowafungulia mlango. Gazeti likishaandika nyota, wiki inayofuata mzazi anapigiwa simu aambiwe alipie pasi na tiketi, mtoto akafanye majaribio Ulaya. Wazazi wajue: kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhama kwa jambo lisilohusu mpira. Na vituo navyo vijue: mchezaji anapouzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Aliyemlea miaka minne ya mwanzo anapata asilimia 1. Kwa dola milioni moja ni dola 10,000, mipira na chakula cha miaka. Lakini analipwa aliyemsajili. Vituo vingi hapa Arusha na kule Moshi vina picha za mtandaoni tu na havina usajili wowote.

Ninachoomba kwako, Mhariri, ni hiki. Mtoto yeyote aliye chini ya miaka 16 mkimwandika, andikeni mwezi aliozaliwa, urefu wake, na ameongeza sentimita ngapi ndani ya miezi 12. Neno "mpya" likishaambatana na jina la mtu mwingine, lifuteni. Mwandishi wenu arudi kwa mtoto huyohuyo akiwa na miaka 18, acheze vizuri au asicheze, na habari ichapwe ukurasa uleule. Yule wa kwenye picha, kocha wake ampime Jumamosi hii asubuhi, amwandike kwenye daftari, kisha kwa miezi mitatu amchezeshe na vijana wa U-17, mahali ambapo hatakuwa mrefu kuliko mtu yeyote.

Mwalimu wa soka la vijana,
Sakina, Arusha