Mama kabadilishiwa goti, mbona tunamkalisha tena?

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo linaniuma na najua siko peke yangu.

Mama yangu ana miaka 68, goti lilimtesa miaka mingi mpaka kwenda chooni ikawa shughuli. Mwaka jana akabadilishiwa, akawekewa goti la bandia, kesho yake tu wakamsimamisha na magongo, sisi tukashtuka mbona mapema hivyo, kumbe ndo inavyotakiwa maana mtu akilala tu baada ya oparesheni damu inaweza kuganda mguuni na goti lenyewe linakakamaa.

Shida ilianzia nyumbani na walioileta ni sisi wanawe. Mama akitaka maji mjukuu karuka, akitaka rimoti mjukuu karuka, chakula analetewa hapohapo kwenye kochi, akijaribu kuinuka nyumba nzima "mama kaa, utajiumiza", majirani nao wakija ni pole mama pumzika. Mwezi wa nne toka abadilishiwe maumivu hana kabisa lakini anashinda kwenye kochi toka taarifa ya habari ya asubuhi mpaka tamthilia za usiku, yaani maisha yaleyale ya kabla ya oparesheni. Mtu wa mazoezi alivyomwangalia akakuta paja limekonda, misuli haina nguvu, akatuuliza huyu mama nyumbani anafanya nini? Tukakosa jibu.

Siku hizi gengeni anaenda mwenyewe, na kila baada ya nusu saa anasimama hata kama tamthilia imenoga. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima, wazee wakiwemo, apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hiyo ni kama dakika 20 na kidogo kwa siku, mama alianza na dakika 5 tu, mpaka geti la jirani na kurudi. Kukimbia na kurukaruka hapana, kuswali anaswalia kwenye kiti, choo tumemwekea cha kukaa.

Ombi langu kwa madaktari wetu, siku mnayomruhusu mgonjwa msiongee naye peke yake, tuiteni na sisi watoto mtuambie wazi kwamba maji akajichotee mwenyewe. Mama karatasi ya mazoezi alipewa, ya Kiingereza, tukaja kuikuta kwenye droo haijakunjuliwa.

Mtoto wa Mama,
Temeke, Dar es Salaam