Nanotyubu hazikorogwi kama sukari

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya juzi kuhusu nanotyubu za kaboni, vile vijiti vya kaboni vidogo visivyoonekana kwa macho, nikacheka kidogo, si kwa ubaya, ila pale mwandishi aliposema unga wake "unachanganywa na maji" akapita zake. Mimi ni fundi wa maabara hapa Kampala na hapo alipopita ndo penye kazi yote.

Ule unga mweusi ukiumwaga kwenye maji ukakoroga unafanya mabonge kama uji wa bushera uliopikwa na mtu mwenye haraka, ukienda kunywa chai ukirudi umeshatuama chini, juu maji matupu. Vijiti vyenyewe ni vyembamba mno, kimoja chaweza kuwa na upana wa nanomita 1 tu (mita moja ikigawanywa mara bilioni) wakati unywele ni kama nanomita 80,000, na vinagandana ubavu kwa ubavu, kijiko hakiviwezi. Tunavibandua kwa mashine ya mawimbi ya sauti lakini ukizima tu vinarudiana, ndo maana unatia polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo: sehemu ya mnyororo wake inang'ang'ania kijiti, nyingine inaelea majini, sasa vijiti viwili vikisogeleana hiyo mikia inabanana na kusukumana. Wengi wanatumia PVP, polima ya kiwandani. Ukiweka kidogo haitoshi, ukizidisha inavifunika mpaka umeme unapita kwa shida, na mashine ukiisahau inavikatakata (nilishaisahau, siku hiyo kulikuwa na mechi).

Kilichonifanya niandike ni hiki, mwaka 2002 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba gamu arabika, ile gundi ya mgunga, inatawanya nanotyubu majini vizuri tu. Mimi sikushangaa sana, mwalimu wetu wa madrasa alikuwa anatengeneza wino kwa masizi ya sufuria, maji na gundi hiyohiyo, na masizi si kaboni? Mti wenyewe unaota Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Jamaa wa Moroto, mji wa hukohuko, aliniletea kifuko cha gundi hiyo, vipande vya rangi ya asali vimenasa maganda ya mti, nikaponda, nikaloweka usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa, nikatawanyia nanotyubu humo. Chupa iko dirishani wiki ya tatu sasa, nyeusi juu mpaka chini, ukiiinamisha huoni bonge hata moja.

Wakati huohuo ofisi yetu ya manunuzi inasubiri kopo la PVP kutoka nje tangu Januari.

Mwandishi wenu akitaka kuiona chupa aje, ila unga mkavu sifungui mbele ya mtu asiye na barakoa, ule si wa kuvuta puani.

Fundi wa maabara,
Kampala