Jumamosi saa 2 usiku: vyura wa Australia na modeli zetu

Habari zenu wapendwa, Jumamosi tunaendelea na modeli za kusambaa kwa viumbe, yani hesabu za kukadiria viumbe wanavyoenea, na safari hii nataka tukae na kesi moja tu, wale vyura wa sumu walioletwa Queensland kutoka Hawaii mwaka 1935 ili wale wadudu wa mashamba ya miwa. Wadudu hawakupungua, vyura ndo wakatapakaa.

Sasa ile ikwesheni ya 1937 ya Fisher, mwanatakwimu na mwanabiolojia wa Uingereza, inasema wimbi, yani ukingo wa mbele wa viumbe wanaoenea, linaenda kwa spidi ileile, sawa, lakini hawa walianza na kama kilomita 10 kwa mwaka halafu baadaye wakafika 50 hivi, kwa nini? Kwa sababu wanaofika mbele kabisa ni wale wenye mbio, wanazaana wao kwa wao huko huko, watoto wanarithi, na utafiti wa 2006 ulikuta wa mbele wana miguu mirefu kuliko wa nyuma. Yani ukiweka kwenye modeli kwamba kila chura anatembea sawa umeshakosea, na hapa naomba tusikimbie, ndo kiini cha somo.

Tukipata muda tutagusa ukame, kati ya Kimberley na Pilbara, maeneo ya kaskazini-magharibi mwa Australia, vyura wanategemea sana maji ya mifugo, na modeli zinaonyesha ukiyafunga wanaweza kukwama hapo.

Mwenye laptop aje nayo tafadhali, kodi ya kompyuta (code) naituma hapa Ijumaa, na wageni msiogope kuuliza.