Kwa nini hatuwajazii fomu za Kilimohai mezani

Sisi tunaandaa vikundi vya wakulima wapate Kilimohai, nembo ya mazao ya kilimo hai, na lalamiko hili halituishi: "Wakulima wanakaguana wenyewe, sasa hela yenu ni ya nini?" Safari hii limetoka kwa kikundi kinachoona kimelanguliwa, maana majirani zao wamepata mtu wa kuwajazia fomu zote jioni moja, kwa theluthi ya bei yetu.

Ni kweli, katika mfumo shirikishi wa udhamini cheti hakitoki kwetu. Wanachama wanakaguana kwa kufuata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilichopitishwa mwaka 2007, kamati yao inatoa uamuzi, na nembo ya Kilimohai inapatikana kupitia TOAM, shirika mwavuli la kilimo hai nchini Tanzania. Sisi tunafundisha wakaguzi, tunasaidia kuchora ramani, na tunazunguka nao raundi ya kwanza. Kikundi cha watu 30 kwenye milima ya Uluguru hakikosi vipande 40 vya shamba: mtu ana robo eka bondeni na matuta mengine kule juu. Kipande kimoja kinataka saa nzima, bila kuhesabu kupanda mlima. Kwa siku ni vipande sita, saba mkiwahi alfajiri. Hiyo ni wiki nzima kwa miguu. Anayetoza theluthi ya bei hiyo hajapanga kupanda mlima wowote.

Na fomu za mezani zinajulikana kwa macho. Tumeshaletewa bunda la fomu 28 turekebishe: mwandiko mmoja, wino mmoja, na kila mkulima eti ana mkanda wa kinga, yaani ukanda wa kutenganisha shamba lake na la jirani anayepulizia, wa mita 5, hata yule ambaye shamba lake limepakana na nyanya za jirani bega kwa bega. Mnunuzi alikwenda mwenyewe kuangalia, akarudi bila mzigo. Kamati ikasimamisha vyeti vyote, mashamba yakakaguliwa upya moja baada ya jingine. Wamelipa mara mbili, na karoti zilishauzwa kwa bei ya kawaida.

Saa hiyo moja inakwenda wapi? Kwanza kwenye bomba la kupulizia. Swali si "unapulizia nini", kwa sababu kila mtu atakujibu mwarobaini. Swali ni bomba la nani. Likiwa la kuazima, lilipita juzi tu kwenye nyanya za mtu zenye kantangaze, mdudu mharibifu wa nyanya, na sumu inabaki kwenye mpira, kwenye vali na kwenye pua. Kusuuza mara moja hakutoshi. Kikundi kinunue bomba lake, liandikwe kwa rangi, lisiazimishwe. Ni gharama ndogo kuliko zote katika shughuli hii, na ndiyo inayokwepwa kuliko zote.

Kisha tunaomba kuona pakiti za mbegu, siyo kusimuliwa. Mbegu zenye rangi ya waridi, buluu au kijani kibichi kisicho cha asili kwa kawaida zimepakwa dawa. Tunaingia stoo: viroba vya mbolea ya chumvichumvi vinavyobebewa karoti, au dawa ya unga ya mahindi iliyowekwa juu ya mzigo wa Kilimohai. Tunauliza samadi ya kuku imetoka banda gani na imeozeshwa muda gani. Tunaangalia maji ya mvua yanashukia wapi. Mlimani mkanda wa kinga wa pembeni hausaidii kitu ikiwa shamba la juu linatiririsha dawa kwenye matuta yako. Hapo unataka mfereji wa kukinga maji, na majani tembo juu yake.

Mwisho ni daftari la mauzo. Robo eka ina kiasi inachoweza kutoa kwa mwaka, haizidi hapo. Mahesabu yakizidi shamba, kuna mzigo umenunuliwa kwa jirani, na aliyefanya hivyo hujificha kwenye fomu, shambani hana pa kujificha.

Kuna malalamiko mengine ambayo, tukubali, yanaumiza zaidi. Vikundi vya iliki, karafuu na mdalasini vinakamilisha kila kitu, halafu msafirishaji anawaambia cheti hakifai. Hajawaonea. Udhamini wa kukaguana ni wa soko la hapa: hoteli, maduka, vikapu vya majumbani, gulio. Ulaya haiutambui. Kule wanataka kampuni ya ukaguzi ya nje, na kanuni yao namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, inataka kikundi chenye usajili wake kisheria, kisichozidi wanachama 2,000, na chenye mfumo wa udhibiti wa ndani. Muda wa mpito, yaani kipindi cha kulima kwa kanuni za kilimo hai kabla mazao hayajakubaliwa kuwa hai, ni miaka miwili kabla ya kupanda, na kwa mazao ya kudumu kama karafuu ni miaka mitatu kabla ya kuvuna. Ndiyo maana siku ya kwanza tunauliza mnamuuzia nani, kabla hatujataja bei. Anayewaambia cheti kimoja kinatosha kwa masoko yote, mwombeni aandike hivyo na kusaini.

Mkitaka bei yetu ishuke, ipo njia. Kila mwanachama achore ramani ya mkono ya vipande vyake vyote, hata asivyovisajili, na aonyeshe nani kapakana naye na analima nini. Aandike historia ya miaka mitatu: zao, mbolea, dawa, bila kuficha, kwa kuwa kipande kilichopuliziwa mwaka jana kinaingia kwenye mpito, hakifukuzwi. Chagueni wakaguzi watatu watatu, wasiwe ndugu, na msipange A amkague B halafu B amkague A. Daftari la shule linatosha, hatuuzi la kuchapisha.

Tuiteni mazao yakiwa bado shambani, na kabla ya masika. Njia za Mgeta, huko Uluguru, zikishalowa, vipande sita kwa siku vinakuwa vitatu.