Kwa nini ziara ya Tanga tunaianzia Ras Kasone, tena kwa miguu

Lalamiko ni lilelile: "Tumelipia siku nzima, mmetuonyesha stesheni, makaburi na vichaka." Wengi wanaosema hivyo ni wale walioomba kipande cha kwanza kikatwe. Wakapanda bodaboda hadi stesheni, wakapiga picha, wakamaliza. Ukianzia stesheni, utaona stesheni tu.

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 vilianzia ufukweni. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000 kutoka India upande wa Ras Kasone. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000. Kutoka pale hadi mjini ni mwendo wa saa moja hivi. Leo ni barabara yenye miti, wakati ule ilikuwa mashamba na vichaka vilivyowapoteza watu waliotoka kukaa melini wiki kadhaa. Tembea na jua la saa nne asubuhi, utaelewa bila kuhubiriwa. Nyuki walikuwepo, ndiyo, na waliuma pande zote mbili, lakini anayekuambia nyuki ndio walioshinda vita anakuuzia hadithi. Fox, meli ya kivita ya Waingereza, ilifika tarehe 2 kudai mji usalimu amri. Mapigano makubwa yakaja tarehe 4. Katikati hapo treni zilikuwa zinashusha askari wa Wajerumani kutoka Moshi. Ukifika stesheni ukiwa umechoka na ukijua hilo, jengo lile linazungumza.

Reli hiyohiyo ndiyo iliyobeba mkonge. Mmea wenyewe uliletwa Pangani 1893: miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikapona 62. Hapa ndipo njia ya mkato inapoumiza mfuko. Watu hukodi gari wenyewe hadi shambani bila kibali, mlinzi anawarudisha getini, gari limeshalipwa. Sisi hupiga simu jana yake, si kwa kibali tu. Jani likishakatwa haliwekwi: likikauka, nyama yake hung'ang'ania singa, yaani nyuzi za mkonge, na usafi unapotea. Kwa hiyo korona, mashine ya kutenga singa na nyama ya jani, husaga kulingana na ukataji, na inahitaji maji mengi. Maji yakikatika au kisu kikiharibika, utakuta singa zimeanikwa kwenye kamba na mashine imenyamaza. Ikiwa inafanya kazi, simama upande wa kutokea uone jinsi majani ya kilo 100 yanavyoacha singa za kilo 4 hivi. Kilichobaki ni maji na makapi. Bei yetu inabeba simu hizo, gari na saa za mwongozaji, hata siku tunapobadilisha shamba dakika za mwisho.

Mashua ya kisiwa cha Toten, kwenye ghuba ya Tanga, ndiyo isiyosikia maombi. Siku za bamvua maji hupwa mbali, mashua hukaa kwenye tope, na mteja aliyesogeza saa "kidogo tu" baada ya chakula hulipia ya pili. Kabla ya kuchagua tarehe, tuulize kwanza maji yanajaa saa ngapi. Na viatu viwe vya kufunga kamba.